Hodi ya Tatu

Dalali alikuwa na wakili wake mfukoni, kama madalali wengi. "Ticha, usihangaike," alisema. "Huyu anamshughulikia mnunuzi, atakushughulikia na wewe. Wiki hii tunamaliza."

Ticha, mwanamke aliyefundisha hesabu miaka ishirini na mbili na asiyedanganyika kirahisi, alijiuliza mtu mmoja atavutaje kamba pande zote mbili. Lakini alikwenda naye. Alitaka kuiuza nyumba ya mama yake na kuiondokea haraka. Majirani aliwaambia anamfuata binti yake aliyejifungua, nao wakampa hongera. Ukweli ni kwamba alikuwa anaikimbia sauti.

Wakili wa dalali alikuwa na ofisi yenye kiyoyozi na simu mbili zisizonyamaza. Alifungua hati ya nyumba akakuta majina mawili, la Ticha na la kaka yake. Mama yao aliwaandikisha wote wawili kabla hajafa.

"Huyu kaka yuko wapi?"

"Hatujui. Aliondoka miaka ishirini na sita iliyopita, hajarudi."

"Basi huyo ni marehemu. Tunaandika marehemu, cheti nitakitafuta, kuna watu wetu. Wewe utaweka sahihi tu."

Neno lile kwa akina Ticha lilikuwa mwiko. Mpaka anakata roho, mama yao alikuwa akisema "kaka yako akija", na mjomba aliyeteleza ulimi mezani akasema "marehemu" alifukuzwa sahani ingali mkononi. Shuka la kitanda cha kaka lilifuliwa kila Jumamosi. Ticha analifua mpaka leo, na amechoka.

Alisema atafikiria. Dalali alinuna njia nzima.

Jioni ile, saa kumi na mbili kasoro, alikuwa sebuleni akisahihisha madaftari alipoisikia. "Hodi." Sauti ya kiume, ya upole, nje ya geti. Akaweka kalamu chini. "Hodi." Kisha kimya. Huja mara mbili tu, kila siku, saa ileile, na ya tatu haiji. Siku moja alimuuliza jirani kwa kuzungukazunguka kama huwa anasikia mtu akibisha. Jirani akamtazama vizuri, akamshauri akapime presha.

Kesho yake, vipindi vilipokwisha, alikwenda kwa wakili mwingine aliyeelekezwa na mwalimu mwenzake. Alikuwa mama mtu mzima, ofisi yake juu ya duka la dawa, feni inalalamika, majalada yamefungwa kwa utepe. Hakuwa na haraka hata kidogo, na Ticha nusura aondoke kwa sababu hiyo.

"Kwanza, dalali asikuchagulie wakili," alisema yule mama. "Wakili wa mnunuzi ni wa mnunuzi, mkigombana utabaki peke yako. Pili, vyeti vya kutafutiwa mimi sigusi. Mtu akipotea miaka yote hiyo, mahakama ndiyo inayotamka kwamba amekufa. Ni kazi ya miezi, na mnunuzi anaweza kukukimbia."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utakula kiapo. Utaeleza nani alimwona au kumsikia mara ya mwisho, lini, na walisemezana nini." Akavuta karatasi. "Ni nani huyo, mdogo wangu?"

Hapo ndipo Ticha alipoelewa anachagua nini. Kwa yule wa kiyoyozi angeweka sahihi na kuondoka na siri yake. Kwa huyu ingebidi aiseme. Aliutazama mlango, kisha akatazama mikono yake, yenye wino mwekundu wa kusahihishia.

"Ni mimi," alisema.

Siku ya mwisho, asubuhi, waligombana, yeye na kaka yake, kwa sababu ya redio ya baba ambayo kaka alimwazima rafiki bila kuuliza. Redio tu. Ticha alikuwa na miaka ishirini na moja na ulimi kama wembe. Akamwambia: hapa si kwako, ukirudi ubishe hodi kama wageni wengine.

Jioni kaka alirudi. Mtu habishi hodi kwao. Huingia tu akauliza kuna nini jikoni. Siku ile yeye alisimama nje ya geti akabisha. Ticha alijua ni utani, na alijua ndivyo kaka yake alivyoomba radhi siku zote. Akanyamaza ili amkomeshe kidogo. Hodi ya pili, akanyamaza. Hodi ya tatu. Na mama yao alikuwa amewafundisha adabu: ukibisha mara tatu usiitikiwe, unakwenda zako. Kaka akaenda zake, hakurudi tena.

"Mama alipotoka kuoga aliniuliza kama kuna mtu amekuja," Ticha alisema. "Nikamwambia hapana. Nikaendelea kumwambia hapana mpaka namzika."

Wakili aliandika yote bila kumpa pole wala kumkaripia. Ndipo Ticha akamwambia na lile la sauti ya kila jioni.

"Hilo siwezi kuliweka kwenye kiapo," alisema wakili, akafunika kalamu yake. Kisha akauliza, "Lakini huwa huitiki?"

Njiani Ticha alipiga hesabu yake. Aliyebisha mara mbili bado hajaondoka. Miaka ishirini na sita kaka yake alikuwa amesimama pale nje, akingoja.

Saa kumi na mbili kasoro alikuwa kwenye ua, karibu na geti.

"Hodi."

Alitaka kukimbia. Alishika komeo la geti.

"Hodi."

"Karibu," alisema. "Karibu, kaka. Ni kwako."

Akafungua. Njia ilikuwa tupu, ila mwanamke mmoja akifagia mbele ya duka. Ticha aliliacha geti wazi mpaka giza lilipoingia.

Kesho yake saa ile ilifika, ikapita. Hakuna aliyebisha. Alingoja na siku ya pili, amekaa sebuleni bila kalamu. Nyumba ilikuwa kimya kama nyumba zote. Hapo akalia, akalia kwa sauti, hata yule jirani akaja mbio kuuliza kumetokea nini.

"Nimefiwa na kaka yangu," Ticha alimwambia.

"Pole, mama wee. Lini?"

"Juzi," alisema.