Kikombe cha Ndugu wa Taa

Ijumaa alasiri, Kioko alifika Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa huko ughaibuni alikofanya kazi, na sanduku lake mkononi. Kampuni ya ulinzi ilikuwa imemfuta kazi na kumtoa katika kambi ya wafanyakazi asubuhi ile ile, akabaki na tumaini moja: chumba walichopanga mtaani humo Ndugu wa Taa, chama cha siri cha chuo alichosomea ualimu kule Machakos. Ndugu aliyekosa malazi hakufukuzwa humo. Ila Kioko alifukuzwa chuoni kabla ya kula kiapo, hivyo ilimpasa kuomba upya.

Desturi aliijua. Mwombaji huwamiminia wote chai, kisha hukariri historia ya chama pasipo kuongeza wala kupunguza neno. Akikubaliwa, mdhamini humjazia kikombe chake, akikataliwa, hukifunika.

Mdhamini wake alikuwa Oloo. Chuoni, Oloo huyo alimpiga mwanafunzi mgeni wakati wa kumwingiza chamani, hata akampofua jicho. Kioko akaibeba hatia ile kwa niaba yake, akafukuzwa yeye.

“Haya, soja,” alisema Silvesta, mwenyekiti, Kioko alipokwisha kuwamiminia chai, huku akitafuna mandazi. “Tusomee. Au jua la getini limekausha ubongo?”

Wakacheka.

Kioko akakariri: waasisi, kandili yao, bweni lililoungua. Alipofikia mwaka wao wa chuo, yeye na Oloo, akasita. Maneno ya hapo Oloo alikuwa amemfunza mlangoni muda mfupi kabla, akimbembeleza, “Yaseme tu, kaka. Hivyo ndivyo tunavyosoma siku hizi.”

“Na mwaka huo,” akasema kwa sauti kavu, “Kioko alimpofua mgeni, akakitia chama aibu.”

Silvesta akaacha kutafuna. “Ni kweli? Maana wako humu wanaonong’ona kwamba mkono ulikuwa wa mwingine.”

Kioko akamtazama Oloo. Oloo akaitazama chai yake. Kioko akageuka, akaliangalia sanduku pale mlangoni.

“Ni kweli.”

“Basi minong’ono imekwisha. Na kanuni ya waasisi haina huruma: aliyemwaga damu ya mgeni hapokewi kamwe. Oloo, ulimleta ukiijua kanuni. Timiza wajibu wako.”

Oloo akanyoosha mkono, akakifunika kikombe kitupu cha Kioko.

“Pole, kaka. Kanuni si yangu.”

Kioko akainama kuchukua sanduku.

“Wewe soja!” Silvesta akaita, akiinua kikombe chake. “Unakimbilia wapi, na chai imepoa? Tuongezee kwanza.”

Kioko akaliweka sanduku chini. Akashika birika, akaanza na Oloo.