Mama Inga na Sinema ya Chini

Mama yangu, Inga, alipopofuka kwa presha ya macho, aliacha kabisa kushuka kwenye chumba cha chini ya nyumba. Huko ndiko baba, Halvor, alikojijengea sinema yake: projekta darini, skrini inayoteremka yenyewe, spika pande zote, amplifaya, kicheza diski na kisanduku cha intaneti. Kila chombo kilikuja na rimoti yake, na vitufe vya rimoti zote vilikuwa laini, vimefanana kama maharage. Baba asipokuwepo, mama hakuweza kuwasha chochote. Na kuomba hakupenda.

Majira ya baridi yale, baba alilazwa hospitali mjini Duluth kubadilishiwa goti. Nikaja kukaa na mama. Jioni moja nilimkuta jikoni, mikono mapajani.

"Leo timu yetu ya magongo ya barafuni inacheza," akasema.

"Si ukasikilize chini?"

"Kwa rimoti zipi, Marit? Mara ya mwisho nilibonyeza kitu kikanguruma hivi, mbwa akakataa chakula."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kabla ya kustaafu, mama alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Kesho yake nikaenda mjini, nikanunua kibodi isiyo na waya, ya kuweka mapajani, pamoja na kidude cha kuzipeleka amri zake kwenye vyombo vya zamani vinavyoelewa rimoti tu. Nilishinda sakafuni nikiunganisha. Nikiiambia skrini ishuke, inapanda. Hatimaye vyote vikakubali: kila chombo kikapata kitufe chake safu ya juu, na ukishakibonyeza, kibodi nzima inakuwa ya chombo hicho.

Nikamshika mkono mama tukashuka, nikamkalisha kwenye kiti cha baba. Vidole vyake vikatambaa juu ya kibodi, vikakuta vile vinundu viwili vya kwenye F na J, vinavyomwonyesha mpiga chapa pa kuweka vidole bila kutazama. Vikatulia. Mgongo wake ukanyooka.

"Haya," akasema. "Nieleze mara moja tu."

Nikamweleza. Akabonyeza, amplifaya ikaamka. Akahamia kisanduku cha intaneti, akaandika jina la timu upesi kiasi kwamba macho yangu hayakufuata, na uwanja mzima ukaingia chumbani: viatu vya kutelezea vikikwaruza barafu, magongo yakigongana, watu wakivuma nyuma yetu. Nywele zilinisimama. Waya zote nilizijua zinapopita, hata hivyo nilimtazama mama kama mtu aliyeyaambia maji yasimame yakasimama.

Baba alirudi wiki iliyofuata, akitembelea mikongojo. Tukiwa chini, tukamsikia mlangoni.

"Nani yuko kwenye mitambo yangu?"

"Mwenye nayo," mama akajibu. "Shuka polepole, usije ukavunja na goti la pili."

Akashuka ngazi moja moja, akihema. Chumba kilikuwa giza tupu.

"Mbona hamjawasha projekta?"

"Ya nini?"

"Ya kuonea, Inga."

"Umetazama miaka yote, mzee wangu. Leo sikiliza."

Akaweka filamu ambayo baba aliipenda kuliko zote. Mvua ikaanza mbele yetu, ikapita juu ya vichwa, ikaenda kuishia nyuma. Gauni likachakarika kushoto. Baba akageuka ghafla gizani.

"Kuna mtu anapumua pale, nyuma ya mlango."

"Yupo tangu mwanzo," mama akasema. "Nimekutana naye juzi."

"Sikuwahi kumsikia." Akamgeukia mama. "Hebu rudisha."

Kitufe kimoja, mvua ikaanza upya. Baba akaushika mkono wangu, hakuuachia mpaka filamu ikaisha.

Siku hizi mama ndiye anayeendesha sinema, na baba hukaa kiti cha pembeni. Jumapili baba hunipigia simu na kunisimulia alichosikia wiki ile, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetoka kanisani sasa hivi.