Malkia Chini ya Sakafu

Jeannot, mkubwa wa wafyatua matofali, aliweka pimamaji juu ya ubao, kiputo cha hewa kikatulia katikati.

"Ona, mama. Iko plat sawa meza. Lombe atie betoni ya sakafu."

Kweli, palikuwa tambarare. Vijana wake walikuwa wamekikata kichuguu kilichosimama katikati ya parseli, kiwanja cha Madeleine cha kujengea kule Naviundu, kirefu kupita paa, wakakigeuza matofali. Sasa mvua ilikuwa inanukia, na mwenye nyumba aliyopanga Madeleine alishamwambia atoke.

"Mama ya mchwa mulimutoa?" Madeleine aliuliza.

"Alikufa na nyumba yake."

"Nakuuliza kama mulimuona."

Jeannot akainama kuokota pimamaji yake.

Madeleine hakuwa mtu wa kulazwa na maneno laini. Alikulia kambi ya wafanyakazi ambayo wakubwa waliilaza kwa tingatinga, kisha wakaita wageni waje kusifu uwanja mzuri. Tangu hapo, akionyeshwa mahali palipolainika, huuliza nani yuko chini. Wakubwa wa mji huu wanakupenda ukiwa bapa, wasijikwae. Tena aliiona sakafu ya jirani yake Victorine, ilivyovimba na kupasuka, mchwa wakatokea chini ya kitanda. Malkia akibaki, kichuguu kinarudi. Saruji kwake ni ukoko tu.

"Muchimbe," akasema.

"Mama, sisi tuko bantu ba matofali, hatuko ba makaburi."

"Leo muko."

Lombe, fundi wa zege, akavua shati huku akicheka. "Tuchimbe, Jeannot. Huyu tukikatala atachimba na kijiko, na haya itatupata sisi."

Uwanja ukawa shimo. Udongo ukageuka baridi, na bado hakuna kitu. Mawingu yakajaa. Madeleine alisimama ukingoni: kama amekosea, mvua italijaza shimo hili, na nyumba ndiyo basi.

Jembe la Lombe likagonga udongo mgumu kama chungu. Akaupasua. Ndani alilala malkia, mnene kama kidole gumba, mweupe, anatikisika.

Jeannot akavua kofia. "Pardon, mama."

"Pardon yako itie mule mu shimo, kisha ushindilie muzuri."

Lombe akamtoa malkia, akamuua; kisha wakajaza, wakashindilia mpaka mikono ikawaka. Madeleine akavua viatu, akatembea kutoka kona hadi kona. Ardhi ilinyamaza. Mabega yake, yaliyopanda tangu asubuhi, yakashuka yenyewe, na pumzi ikamtoka ndefu hata Lombe akaisikia.

"Sasa, baba," akamwambia, "mwaga."