Meneja Hakojoi Bila Wimbo

Watoto niliowatoa kwenye nepi siwezi kuwahesabu, na hakuna hata mmoja aliyenishinda. Kwa hiyo Mama Meneja aliposimama mlangoni mwa kituo chetu cha kulelea watoto, wazazi wenzake wakimsikia, akasema, "Huyu dada hajui kazi," damu ilinichemka.

Meneja ni mwanawe, miaka miwili na nusu. Jina hilo tulimpa sisi walezi kwa sababu ya kitambi chake, na kwa jinsi anavyotembea mikono nyuma akikagua vikombe vya wenzake. Mama yake ni wakili, na anaongea na kila mtu kana kwamba yuko kizimbani.

Mtoto mwenyewe alikuwa mwepesi. Jumatano anakwenda kwenye poti akikumbushwa, Ijumaa anakwenda mwenyewe na kurudi amevaa chupi nyuma mbele. Jumatatu akiletwa, kabla ya saa nne keshalowesha mara tatu, na poti anaitazama kama hawajuani. Mara ya kwanza sikujali. Watoto hurudi nyuma, ndivyo walivyo, unapangusa sakafu na kuanza upya. Wiki ya tatu nikaona mapajani mwake alama za mpira wa nepi, mbichi kabisa.

"Samahani, mama," nilimwambia kwa adabu zangu zote. "Nyumbani anavaa nepi?"

"Nepi? Kwangu?" Alinipandisha na kunishusha. "Nyumbani ni mkavu. Matatizo yako hapa."

Uongo mkavu, na kaapa hivyo mbele ya Mkuu wa kituo. Mkuu naye, wakili akikohoa tu, anatafuta glasi ya maji. Aliniita ofisini akanipa wiki tatu: mtoto aache kulowesha, la sivyo nihamie jikoni kuosha vyombo. Miaka kumi na moja nafanya kazi hii, halafu masufuria!

Sikulia. Nilikaa chini nikapanga jinsi ya kumkomesha yule mama.

Nilimtungia Meneja wimbo. Akisema "kojo," nachuchumaa mbele yake, nashika masikio yangu mawili, navimbisha mashavu, kisha naimba mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi: "Bomba, bomba, funguka! Meneja amefika!" Mlango hatufungi. Akimaliza, kila aliye karibu anapiga makofi. Sikuruka hata hatua moja, asubuhi na jioni, mpaka ikawa bila wimbo hata tone halitoki. Nepi avalishwe asivalishwe, atabana.

Wiki ya pili mama yake alikuja getini macho mekundu. "Dada, jana mtoto amekataa kukojoa kutwa nzima. Anapiga kelele 'bomba, bomba.' Ni nini hiyo?"

Nilimwonyesha palepale, polepole, nikiwa nimechuchumaa. "Ndivyo alivyozoea, mama. Na mlango usifunge."

Sketi yake ilikuwa ya kubana. Nilifurahi mpaka nikaogopa kucheka.

Meneja akawa mkavu siku zote saba, Mkuu akanipongeza mbele ya wenzangu, na masufuria yakabaki na mwenyewe, mpishi. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilijua kwamba ofisini kwa mama yake kulikuwa na siku ya kuleta familia, nami juma hilo nikauongezea wimbo ubeti wa kukoroma kama chura, na mama yake nikamwonyesha.

Habari niliipata kwa mfanya usafi wa ofisi ile, shoga yangu wa siku nyingi. Alinisimulia huku ameshika ukuta kwa kicheko. Meneja alipiga kelele katikati ya hotuba ya bosi. Mama yake akakimbia naye msalani, mlango wazi, wateja na mawakili wamejaa kwenye korido, na yeye chini, kashika masikio, anakoroma. Sketi ilipasuka mshono. "Na watu wakapiga makofi," shoga yangu akasema, "maana mtoto aliwaamrisha." Jioni hiyo nilikula nikashiba kwa raha.

Jumatatu iliyofuata Meneja hakuletwa. Nilisikia amehamishiwa kituo kingine. Nikasema, na aende, wakahangaike naye huko.

Alhamisi mchana mama yake aliingia getini bila kubisha, viatu mkononi, mtoto begani. Meneja hakuwa na mikono nyuma. Alikuwa ameikunja miguu, tumbo gumu, midomo imekauka.

"Huko wamekataa kuimba," mama yake alisema. "Wanasema hawana muda wa upuuzi. Alibana siku tatu, asubuhi mpaka namchukua. Daktari kasema mkojo umepata maambukizi. Ametupa dawa, lakini sasa akikojoa anaumia, basi hata kwangu hataki tena. Dada, nakuomba."

Nilimpokea. Nilimkalisha kwenye poti, nikachuchumaa, nikashika masikio. "Bomba, bomba..."

Meneja alinyoosha mkono akaniziba mdomo. Nikamtoa kwenye poti nikampakata, na hapo mapajani pangu mkojo ukamtoka kidogo kidogo, kila tone na kilio chake, kichwa amekizika kifuani mwangu. Alikuwa amenishikilia mimi, mimi niliyemfanyia hayo.

Mama yake alikaa sakafuni pembeni yetu. "Kosa ni langu," alisema. "Nilikuwa namvalisha nepi Jumamosi na Jumapili. Nilikuwa nachoka, dada. Nimeshamwambia Mkuu, sasa hivi, pale mlangoni. Wewe ulikuwa unafanya kazi yako."

Maneno hayo niliyangoja kwa wiki nyingi. Niliyasikia vizuri, na Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake akitikisa kichwa kukubali. Sikuweza kumtazama hata mmoja wao. Nilijua napaswa kusema kitu, nikawa nampapasa mtoto mgongo.

"Ila huu wimbo," mama yake akauliza, bila ubaya wowote. "Watoto wote mnawafundisha hivi?"

Mlezi mwenzangu alikuwa anakunja mataulo dirishani, mtoto wa watu asiye na hila. "Hapana, mama," alijibu. "Wengine tunawakalisha tu. Huo dada alimtungia Meneja peke yake."

Wakili alinitazama, na nikamwona anapanga siku moja baada ya nyingine, wimbo, mlango wazi, ubeti wa chura, mpaka akafika kwenye ukweli. Hakunitukana. Alinyoosha mikono akamtoa mwanawe mapajani pangu, kidole baada ya kidole, kwa maana mtoto alikuwa ameng'ang'ania sare yangu na hataki kuniachia.