Swali la Wapi

Mshauri wa ndoa alitupa sharti moja tulipoanza: mimi niulize lolote, mume wangu ajibu bila kuzungukazunguka. La pili niliongeza mwenyewe: akinidanganya tena, asahau kurudi nyumbani, ila akisema kweli yote, nitamfungulia mlango. Mshauri alitaka kulilainisha kidogo, nikamwambia aliache kama lilivyo.

Mume wangu ni fundi friji. Alikuwa akilala karakana kwake tangu nilipogundua kwamba anatembea na muuza mafuta ya nywele, mwanamke aliyekuwa akituletea mzigo saluni, anakunywa chai yetu na kuniita dada. Dada, eti.

Saluni tunaiendesha wawili, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Tulikuwa chanda na pete. Siku ile nilipojua, ni yeye aliyenilaza kichwa kwenye beseni, akafungua maji na kuniosha nywele ili wateja wasione ninavyolia. Ni yeye aliyenisukuma kwenda kwa mshauri. Na kila nilipotoka huko alinikalisha kwenye kiti kilekile, akaniosha huku nikimsimulia yote: nimeuliza nini, kaka yake kajibu nini, kajiumauma kwenye lipi. Kisha tulipanga pamoja maswali ya wiki inayofuata.

"Muulize kwa nini, muulize tangu lini," aliniambia. "Ila wapi usiulize, wifi. Utajiumiza bure."

Nikaona ananionea huruma. Hata mshauri alishanionya kwamba mambo ya kitandani yakiingia kichwani hayatoki. Basi nikauliza kwa nini, nikauliza tangu lini, nikajikaza kisabuni. Mume wangu alijibu yote, mengine akilia. Nilimchukia sana. Halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kumkumbuka. Friji ya nyumbani nayo ikachagua wakati huohuo kuharibika, na mimi sikutaka kuita fundi mwingine.

Leo mshauri aliuliza kama nimebakiwa na swali kabla mume wangu hajarudi nyumbani. Nilikuwa nimeshashika mkoba niondoke. Lakini kuna jambo lilikuwa linanitesa: sikuweza kupita mbele ya gesti yoyote hapa mjini bila kujiuliza kama ni humo. Nilitaka nijue ni ipi, nyingine nizipite kwa amani.

"Mlikuwa mnakutana gesti gani?" nikamuuliza.

Mume wangu akainamia zulia.

"Haikuwa gesti," akasema. "Ni kile chumba cha nyuma, saluni. Siku za Jumatatu."

Jumatatu huwa tunafunga. Chumba hicho tunaweka taulo na draya mbovu za kukaushia nywele, na kuna kochi ninalojinyooshea miguu ikivimba. Funguo za saluni ziko mbili. Wangu hautoki kwenye mkoba.

Nikamuuliza nani alikuwa anawafungulia, ingawa nilishajua. Akanijibu, kwa kuwa ndilo sharti. Akaongeza kwamba dada yake hakutaka, yeye ndiye aliyembembeleza. Mshauri akaniambia nivute pumzi. Nikamwambia aivute yeye, nikatoka.

Nilimkuta wifi anamfunga mteja rola. Aliponiona alitabasamu, akavuta kiti cha kwenye beseni, akafungua maji na kuyapima kwa kiganja yasije yakaniunguza, kama kawaida yake.

"Njoo nikuoshe, wifi. Leo imekuwaje?"

"Nipe ufunguo wako."

Nilitamani aniulize wa nini. Nilitamani mno. Alifunga maji, akajifuta mikono kwenye aproni, akautoa ufunguo mfukoni na kuniwekea mkononi bila kunitazama usoni. Kisha akachukua pochi yake akaondoka. Rola za mteja nilimalizia mimi.

Mume wangu amerudi jioni hii. Alisema kweli yote, na mimi nilitoa ahadi yangu. Sasa yuko jikoni, namsikia anafungua nati za friji. Mimi nimeinama bafuni najiosha nywele mwenyewe, maji yananiingia masikioni. Kila lililonipata mwaka huu nilikuwa na mtu wa kumsimulia. Hili sina wa kumsimulia.