Kilichotoka kwenye Majani ya Mpera

Saa mbili asubuhi Mama Majani alimimina ndoo ya kwanza ya majani ya mpera kwenye mtambo mpya, akafunga kifuniko kwa viwiko. Vidole vyake vilikuwa na ganzi, mwaka wa tatu sasa. Kwa miaka kumi na tisa kiwanda kilikuwa kikiloweka majani katika kimiminika kikali chenye harufu ya petroli ili kupata dawa iliyomo. Kazi yake ilikuwa kuyafikicha humo kwa mikono mitupu, ajue kama yameshatoa dawa. Msimamizi wa wakati ule alisema glavu zinadanganya.

Mtambo mpya ulitumia maji ya moto na mtetemo tu. Ulikuwa mpole. Hata macho hayakuwasha.

Siku hiyo walitia majani ya mipera iliyojiotea nyuma ya kiwanda, juu ya lundo la mashapo ya majani yaliyofikichwa miaka yote hiyo. Ikachuruzika dawa ya chupa moja, kijani hafifu. Mpimaji, msichana aliyezoea kumshikia Mama Majani kikombe cha chai bila kuombwa, alichovya kidole, akakisugua kwa dole gumba.

"Mama, humu mna mikono yako."

"Yote miwili?"

"Yote. Nimehisi unga, halafu nywele za mtoto mchanga. Ngumu hizo!"

"Wa kwanza wangu huyo. Alizaliwa na brashi kichwani."

Mpimaji akaandika daftarini: dawa, ya kutosha; uchungu, kiasi; hisia za mikono, za mtu mmoja.

Mama Majani alikwenda kwa meneja. Hakutaka makuu. Alikuwa akilea mjukuu wa miezi saba, mtoto wa homa za ghafla, na kila akimgusa paji la uso ilikuwa kama kugusa ukuta.

"Nipe hiyo chupa moja tu, baba. Nijue akichemka."

Meneja alimvutia kiti. "Mama yangu, hisia zimetoka kwenye majani, na majani ni ya kiwanda."

"Kwenye majani ziliingiaje?"

"Hayo yalikuwa ya zamani, mama. Ndiyo maana tumeuacha mtindo ule. Siku hizi hatumdhuru mtu."

Alikuwa kijana mstaarabu. Alimfungulia mlango mwenyewe.

Chupa ile ikatengenezwa mafuta ya kujipaka. Wanunuzi waliandika barua za shukrani. Mmoja alijikuta anajua kusuka nywele. Kwenye maboksi palichapwa picha ya jani, na chini yake: hakuna aliyeumia. Mama Majani alihamishiwa kwenye kufunga maboksi hayo, kazi nyepesi, ya kukaa.

Alhamisi moja mpimaji alikwangua masalio ya chupa kwa kijiti, akampaka Mama Majani kwenye ncha ya kidole cha shahada. Hayakuwa zaidi ya tone.

"Usinawe, mama."

Jioni Mama Majani alimgusa mjukuu kwa kidole hicho. Alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni. Akambeba mbio mpaka zahanati, na alipofika mlangoni kidole kilikuwa kimeshanyamaza.

"Umewahi vizuri, bibi," nesi alisema. "Umejuaje?"

"Nimemgusa."

Kulipokucha walimwambia mtoto amepoa. Alishukuru, akaenda kufunga maboksi.