Asubuhi za Kuchambua Maharage

Mama yangu alikuwa mpishi wa shule niliyosoma. Wanafunzi walimwita Mama Mwiko, naye aliitika bila kinyongo. Jiko lake lilikuwa chumba kirefu chenye kuta zilizoingia masizi, na masufuria mawili makubwa kiasi kwamba kuyaosha ilimbidi aingize mwili nusu. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitunguu kikikaangwa, najiona tena kwenye ule mstari wa chakula, sahani ya bati mkononi.

Nilikuwa darasa la nne mambo yalipoanza kwenda mrama. Watoto walianza kuacha maharage. Walikula wali, wakala mboga kidogo, kisha wakamwaga maharage kwenye ndoo ya makombo na kukimbilia biskuti za getini. Saa nane darasa zima tulikuwa tunasinzia.

Mwalimu mkuu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuja jikoni akaitazama ile ndoo.

"Mpishi, naona tunapika vya kutupa," alisema. "Labda tuwape mkate na chai tu."

"Mtoto hakui kwa chai, mwalimu," Mama alijibu. "Nipe muda nijue kimewasibu nini."

Mimi nilijua. Maharage yalikuwa na mawe. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, tukimwita Kidoti kwa ajili ya alama iliyokuwa shavuni mwake, aliuma jiwe mpaka jino likamegeka. Alikitema kile kipande kiganjani, akanionyesha.

"Mwambie mama yako," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ningeanzaje? Mama alikuwa akijisifu kwamba katika miaka yote ya kupika hajawahi kumlisha mtoto uchafu. Nikakaa kimya wiki mbili.

Jumamosi moja alikuwa anashona kifungo cha sare yangu. Aliulamba uzi, akauelekeza kwenye sindano, akakosa. Akalamba tena, akakosa. Mara ya nne akaniletea vyote viwili. "Hebu mwanangu, sindano za siku hizi matundu madogo." Sindano ilikuwa ileile ya miaka yote. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Mama," nikasema, "maharage yana mawe."

Aliuacha mkono wake hewani. "Tangu lini?"

"Muhula uliopita."

"Na wewe huwa unayala?"

"Nameza bila kutafuna."

Alicheka kidogo, kisha akajifuta uso kwa upande wa kiganja, akageukia dirishani. Hakunikaripia.

Jumatatu asubuhi alikwenda mwenyewe ofisini kwa mwalimu mkuu. Walichoambiana sikukisikia, ila kwenye mstari wa asubuhi alisimama mbele yetu, aproni ikiwa imepigwa pasi, mikono kaifumbata tumboni.

"Wanangu, macho yangu yamechoka," alisema. "Nimekuwa nikiwapikia mawe, nanyi mkaninyamazia kwa heshima. Nisameheni. Sasa nawaomba mniazime macho yenu."

Hakuna aliyecheka. Nilitazama viatu vyangu, kisha nikaona Kidoti amenyoosha mkono. "Sisi darasa la nne tutaanza, Mama."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi kabla ya kengele, darasa moja lilikaa kwenye meza za bwalo, maharage yamemwagwa mbele yetu, nasi tukichambua. Tulishindana nani kapata mawe mengi. Kiliwahi kupatikana kifungo cha koti, tukabishana siku nzima kilikuwa cha nani. Mama alipita nyuma yetu akiuliza hili na lile, na kwa mara ya kwanza watoto wakamwambia ukweli.

"Mboga unazichemsha mno, Mama, zinateleza," mmoja alisema.

"Kumbe. Na karoti?"

"Karoti sawa."

Mboga akaanza kuziinjika mwishoni, zikabaki na rangi yake. Watoto waliochambua maharage waliyala, tena wakaongeza, maana maharage uliyoyatolea mawe kwa mkono wako huyaachi kwenye sahani. Si wote waliobadilika. Wapo waliokataa mboga mpaka tunamaliza shule. Lakini habari ya mkate na chai mwalimu mkuu hakuirudia, na saa nane tukawa tunajibu maswali.

Mwisho wa muhula mwalimu mkuu alimpeleka Mama hospitali ya macho. Siku ya kwanza aliyovaa miwani alisimama katikati ya jiko, akazunguka polepole.

"Kuta chafu hivi," alisema, "na hakuna aliyeniambia?"

Tulicheka mpaka kengele ikatupita.

Alipika pale miaka tisa zaidi, na kuchambua kukaendelea ingawa sasa aliona vizuri. Jiko lile lilishavunjwa, wamejenga jingine la vigae. Sijui wanachambuaje siku hizi. Ninachokikosa mimi ni ile nusu saa ya asubuhi, maharage yakigonga meza, Mama akipita nyuma ya mabenchi na kugusa kila kichwa, akituita sote wanangu. Mimi niliyekuwa wake wa kumzaa nilingoja zamu yangu kama wengine, na sikuona wivu hata kidogo.